Kila mstari una mwenyewe: hotuba yangu kuhusu pepa, rejea na sayansi ya mwanga

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa uzamili na wahadhiri wa fizikia na hali ya hewa. Wengi hawakufika na wamekuwa wakiniomba, basi naiweka yote kama ilivyosemwa, slaidi nimeziacha.

Wakubwa wangu shikamooni. Vijana hamjambo? Nawaona mliosimama huko mlangoni, sogeeni jamani, viti vya mbele bado vipo.

Nimepewa mada ndefu: utafiti unaelekea wapi, na pepa, yaani makala za utafiti, zinarejelewaje, kwenye fani ya spektroskopia na usafiri wa mnururisho. Kwa waliotoka idara nyingine niseme kwa lugha ya kawaida tu. Spektroskopia ni kusoma mwanga, kuangalia ni rangi zipi gesi inazimeza na zipi inaziachia. Usafiri wa mnururisho ni hesabu ya safari ya huo mwanga, umetoka juani ukapita angani ukagonga wingu, ukagonga bahari, ukarudi juu mpaka kwenye setilaiti, umepungua kiasi gani na umepungulia wapi. Ndo hivyo. Utabiri wa hali ya hewa, vipimo vya kaboni dayoksaidi kutoka angani, habari za ozoni, vyote vimekaa juu ya hesabu hiyo.

Sasa swali ninaloulizwa na wanafunzi kila tukikaa wala si la mwanga. Wanauliza, nipeleke wapi pepa yangu ili irejelewe sana, yaani itajwe kwenye pepa za wengine? Jarida gani lina impakti fakta kubwa, ile namba ya wastani wa rejea za jarida? Leo nataka nilijibu hilo hadharani, na nitaanzia ndani ya faili moja ambalo nusu yenu mmelitumia mwaka huu.

Nani hapa ametumia HITRAN? Nyoosheni mikono. Naam. Nani anajua namba za HITRAN zinatoka wapi? Mikono imeshuka.

HITRAN ni kanzidata ya mistari ya spektra. Kila molekuli ya gesi inameza mwanga kwenye mistari yake maalumu, yaani rangi zake mahususi, na HITRAN inaorodhesha mistari hiyo mmoja mmoja. Kazi ilianzia kwenye maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani, walihitaji kujua hewa inavyomeza miale ya infraredi, na mwaka 1973 wakatoa orodha ya kwanza yenye molekuli saba, maji, kaboni dayoksaidi, ozoni, naitrasi oksaidi, kaboni monoksaidi, methani na oksijeni, mistari zaidi ya 100,000. Jina la Laurence Rothman mtalikuta kwenye matoleo mengi, yeye ndiye aliyeilea kwa miongo, ikahamia kituo cha elimu ya nyota cha Harvard na Smithsonian, na leo inaongozwa na Iouli Gordon. Toleo la 2020 lina molekuli 55. Na tangu toleo la 1992, maelezo ya kila toleo yamekuwa yakichapishwa kwenye jarida lilelile, Journal of Quantitative Spectroscopy and Radiative Transfer, jarida lililoanza mwaka 1961, wenye fani wanaliita JQSRT basi.

Matoleo hayo, 2004, 2008, 2012, 2016, 2020, kila moja pepa yake imerejelewa mara maelfu. Maelfu, ndugu zangu. Wakati pepa ya kawaida kwenye fani hii, nzuri kabisa, iliyofanyiwa kazi miaka mitatu, inaweza kupata rejea kumi, kumi na tano, mwenyewe akashukuru Mungu.

Kwa nini? Waandishi wa HITRAN ni werevu kuliko wengine mara mia? Hapana. Ni kwa sababu watu wanaitumia. Anayepima methani anaitumia, anayetengeneza kifaa cha setilaiti anaitumia, mtu wa nyota anaitumia, na kila mmoja akimaliza anaitaja HITRAN kwenye marejeo yake. Rejea inahesabu matumizi. Haihesabu akili, haihesabu ukweli, haihesabu jasho. Nalirudia kwa makusudi maana tunaajiriana na kupandishana vyeo kwa namba hii: rejea inahesabu matumizi.

Sasa tufungue lile faili. Ukilipakua kwenye ule muundo wa kawaida, kila mstari wa spektra unakaa kwenye mstari mmoja wa maandishi wenye herufi 160. Mwanzoni namba ya molekuli. Halafu mahali mstari ulipo. Halafu nguvu yake, upana wake ndani ya hewa, upana wake ndani ya gesi yenyewe, nishati ya chini, unavyobadilika na joto, unavyosogezwa na presha, na namba za kwantamu. Mwanafunzi anasoma mpaka hapo programu yake inafanya kazi anafurahi. Lakini karibu na mwisho wa zile herufi 160 kuna tarakimu sita, na baada yake kuna namba nyingine sita, hizo hakuna anayezisoma. Zile tarakimu sita za kwanza zinakwambia kila kipimo kina mashaka kiasi gani. Zile sita zinazofuata zinakwambia kila kipimo kimetoka kwa nani.

Mmenielewa? Kila mstari una mwenyewe. Waliotengeneza kanzidata waliliona hilo, wakaweka jina la mpimaji, kwa namba, ndani ya kila mstari. Kuna mtu alikaa kwenye maabara yenye baridi, na mtungi wa gesi, na kifaa kinachoyumba mlango ukifungwa kwa nguvu, akapima upana wa mstari mmoja wa maji kwa wiki nzima. Jina lake limo mle. Sisi tunasoma safu za mwanzo, tunazikata zile za mwisho, tunaandika "data zimetoka HITRAN" na tunaendelea na safari.

Nenda sokoni kanunue mchele. Muuzaji atakwambia huu wa Kyela, huu wa Magugu, huu wa Shinyanga, hawezi kukuuzia bila kutaja ulikotoka na wewe mwenyewe hutakubali. Sisi tumeshindwaje?

Na matokeo yake si ya heshima tu. Rejea zote zinarundikana kwenye ile pepa kubwa, mpimaji haonekani, mwaka wa pili akiomba fedha anaulizwa kazi yako inarejelewa na nani, hana cha kuonyesha, maabara inafungwa. Ikifungwa, toleo lijalo la kanzidata litapata wapi vipimo vipya? Watu wa HITRAN wenyewe wamelisemea hili mara nyingi, wameandika kabisa kuwaomba watumiaji wataje vyanzo vya asili, na kwenye tovuti yao ukichagua mistari unayoitaka inakupa pamoja nayo orodha ya pepa zilikotoka, tayari kubandika kwenye marejeo yako. Kubonyeza tu. Hakuna kisingizio.

Nije kwenye impakti fakta.

Mzee Eugene Garfield wa Philadelphia ndiye aliyependekeza mwaka 1955 kuwe na faharasa ya rejea, yaani ukiwa na pepa moja uweze kuona nani aliitaja baadaye. Wazo zuri sana, na mimi nalitumia kila siku. Impakti fakta ikaja kwenye mkondo huohuo: chukua rejea ambazo jarida limepata mwaka huu kwa pepa ilizotoa miaka miwili iliyopita, gawanya kwa idadi ya hizo pepa. Ni wastani. Na nyote mlifundishwa mwaka wa kwanza tabia ya wastani pale namba moja inapokuwa kubwa kupita zote.

Kisa chake kipo, na kimetokea kwa majirani zetu wa fuwele. Mwaka 2008 George Sheldrick aliandika pepa kuhusu historia ya programu zake za SHELX, zile zinazotumika kutafuta muundo wa fuwele kwa miale ya eksi, na kwenye muhtasari akasema pepa hii inaweza kutumika kama rejea ya jumla kwa yeyote anayetumia programu hizo. Dunia nzima ya fuwele ikafanya hivyo. Jarida lilikuwa Acta Crystallographica Sehemu A. Impakti fakta yake ya 2008 ilikuwa 2.051. Ya mwaka 2009 ikawa 49.926.

Kutoka mbili mpaka karibu hamsini! Niwaulize, pepa nyingine zilizotoka kwenye jarida hilo mwaka ule ziliongezeka ubora mara ishirini na nne? Mhariri alibadilika? Hapana. Pepa ni zilezile, za watu walewale. Ni pepa moja tu imeingia kwenye hesabu, na ilipotoka nje ya ile miaka miwili jarida likashuka likarudi kwake.

Pepa za HITRAN na JQSRT ni jambo la aina hiyohiyo japo si kwa kiasi kikubwa hivyo. Kila miaka minne toleo jipya linatoka, rejea zinapanda, na mwanafunzi wangu huku anaona namba ya jarida imepanda anakimbilia kupeleka pepa yake, akidhani ile namba itamwangukia na yeye. Haitamwangukia. Pepa yako itarejelewa kwa matumizi yake yenyewe. Mwaka 2012 wahariri na watafiti waliokutana San Francisco waliandika azimio, linaitwa DORA, wakisema wazi msimpime mtafiti kwa impakti fakta ya jarida. Naomba wajumbe wa kamati za vyeo mliopo hapa, na najua mpo, mlisome azimio hilo, mlisome kwa moyo mweupe. Kuna vijana wamekaa miaka bila kupanda kwa sababu jarida lao zuri la fani lina namba ndogo. Hiyo si haki na tunaweza kuibadilisha sisi wenyewe humu ndani bila kumwomba mtu wa nje.

Halafu kuna jambo la muda. Miaka miwili! Kwenye fani yetu miaka miwili ni nini?

Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walichapisha hesabu ya usafiri wa mnururisho na upepo unaopanda kwenye nguzo moja ya hewa, nguzo moja tu kutoka ardhini kwenda juu, wakaonyesha ukizidisha kaboni dayoksaidi mara mbili joto la chini linapanda kama digrii mbili hivi za Selsiasi. Impakti fakta ingeiangalia pepa hiyo mwaka 1968 na 1969 kisha iachane nayo. Manabe alipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2021. Miaka 54 baadaye!

Gustav Mie naye. Mwaka 1908, akiwa Greifswald, Ujerumani, alitaka kueleza kwa nini chembe ndogo za dhahabu ndani ya maji zinatoa rangi zile, akaandika nadharia kamili ya jinsi tufe dogo linavyotawanya mwanga. Hesabu zake zilikuwa nzito mno kwa mkono, pepa ikakaa kimya kwa miongo, mpaka kompyuta zilipokuja, na leo ukisoma vumbi, moshi, ukungu, matone ya mawingu, utakutana na Mie kila ukurasa. Ila mjue kabla ya Mie alikuwepo mtu mwingine. Ludvig Lorenz wa Copenhagen alikuwa ameshalitatua tatizo hilo mwaka 1890, kwa njia yake, miaka 18 kabla. Aliandika kwa Kidenmaki. Mwaka uliofuata akafariki. Wasomaji wa nje hawakumsoma, na ndiyo maana wengi wenu mnasema nadharia ya Mie tu, wakati wanaojali historia wanasema Lorenz-Mie. Mimi naomba muwe upande wa wanaojali.

Na mama Eunice Foote? Mwaka 1856 huko Marekani alichukua mitungi miwili ya kioo, akaweka vipimajoto ndani, akajaza hewa ya kawaida kwenye mmoja na kaboni dayoksaidi kwenye mwingine, akaianika juani. Ule wa kaboni dayoksaidi ulipanda mpaka kama digrii 52 za Selsiasi, kuliko ule wa hewa, na ukachukua muda mrefu kupoa, na yeye akaandika waziwazi kwamba anga yenye gesi hiyo kwa wingi ingeipa dunia yetu joto kubwa zaidi. Kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Albany pepa yake alisomewa na mwanamume, Joseph Henry. Miaka mitatu baadaye John Tyndall akaanza vipimo vyake London, bora zaidi kwa kifaa, maana yeye alitenganisha miale ya infraredi na mama Foote alitumia jua lote kwa pamoja, hilo lazima tuliseme kwa uadilifu. Lakini Tyndall akawa ndiye anayetajwa, na Foote akapotea kwenye marejeo zaidi ya karne na nusu, mpaka mwaka 2011 mwanajiolojia mmoja mstaafu alipomkuta kwenye maandishi ya zamani akawaambia watu. Dada zangu mliopo hapa, hakuna namba ya rejea hata moja iliyompima yule mama sawasawa alipokuwa hai.

Basi utafiti unaelekea wapi sasa? Hapa nitakwenda haraka. Setilaiti za kupima kaboni dayoksaidi, GOSAT ya Japani tangu 2009 na OCO-2 ya NASA tangu 2014, zinatafuta tofauti ya kama sehemu moja katika sehemu mia nne, kwa hiyo mistari ya oksijeni na kaboni dayoksaidi ambayo zamani tuliiona imeshapimwa vya kutosha imerudi maabara upya. Upande wa sayari za mbali ndo moto kabisa. Mwaka 2022 darubini ya James Webb iliona kaboni dayoksaidi kwenye hewa ya sayari inayoitwa WASP-39b, iliyo mbali kama miaka 700 ya mwanga, kwenye urefu wa wimbi wa maikromita 4.3, ule mkanda uleule tunaowafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kule joto ni kali, mistari ya HITRAN iliyopangwa kwa hewa ya duniani haitoshi, ndiyo maana kundi la ExoMol la London linakokotoa orodha za mabilioni ya mistari. Na kujifunza kwa mashine kumeingia, watu wanafundisha kompyuta ifupishe hesabu za mnururisho ndani ya modeli za tabianchi, ni kazi nzuri ila kompyuta nayo imefundishwa kwa mistari ileile, yenye wenyewe walewale.

Sasa sisi. Sisi tuko wapi kwenye hili?

Tuko ndani, tena siku nyingi. Mkiangalia mtandao wa AERONET, ule wa vifaa vinavyolitazama jua na kupima vumbi na moshi, mtaikuta Mbita, kando ya Ziwa Viktoria. Mkiangalia SHADOZ, mtandao wa puto za ozoni za kitropiki ulioanza 1998, Nairobi imo, na puto hizo ndizo zinazotumika kukagua kama setilaiti imesoma spektra sawasawa. Rwanda wana kituo juu ya Mlima Mugogo, wanapima kaboni dayoksaidi na methani kwa leza inayozunguka ndani ya chumba chenye vioo, hiyo ni spektroskopia safi, juu ya mlima wa Afrika.

Kuna mtu anapanda kufuta kioo cha kifaa. Kuna mtu anajaza puto alfajiri, mvua ikinyesha, kwa miaka. Data zinaondoka, zinakwenda kwenye seva, zinaingia kwenye pepa inayorejelewa mara maelfu. Jina lake liko wapi? Mara nyingine liko kwenye shukrani, mwisho kabisa, limekosewa herufi. Mara nyingine halipo. Mtandao kama AERONET una utaratibu unaomtaka mtumiaji awasiliane na mwenye kituo na kumpa nafasi ya kuwa mwandishi mwenza. Je, wenye vituo wetu wanaujua? Wanaudai? Udaini jamani, ni haki iliyoandikwa.

Na wewe uliye na data kwenye laptopu, miaka mitano ya vipimo vya mionzi ya jua kwenye paa la idara, unasubiri nini? Unasubiri matokeo makubwa yatakayoingia kwenye jarida lenye namba kubwa. Usisubiri. Safisha data, andika kifaa kilikuwa kipi, kilisanifishwa lini, siku zipi umeme ulikatika, weka mashaka ya kila kipimo, halafu ipeleke Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni, ni bure, iko chini ya CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, tangu 2013, watakupa DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha data yako, na mtu akiitumia atakutaja kwa jina. Kuna majarida ya data tupu kama Earth System Science Data, yapo kwa ajili hiyo. Ukikwama na ada ya kuchapisha waandikie ofisi ya jarida uombe usamehewe ada kabla ya kutuma, si baada ya kukubaliwa, majarida mengi yana nafasi hiyo kwa nchi zetu na wengi wetu tunalipa au tunakata tamaa kabla ya kuuliza.

Jambo la mwisho ni la leo hii, si la mwezi ujao. Wanaoandika tasnifu na wametumia HITRAN baada ya chakula tukutane meza ya pembeni pale dirishani, njooni na laptopu na lile faili, tutazifungua zile safu za mwisho pamoja na kila mmoja ataondoka na orodha ya wapimaji wake tayari kwenye marejeo. Intaneti ya ukumbi inasuasua kwa hiyo mwenye bando aje nalo. Sasa karibuni kwa maswali, tuanze na yule dada wa nyuma, mkono wake umekaa juu muda mrefu.